Fitri Ina Saa Yake

Kumi la mwisho la Ramadhani hapa Wete, Pemba, lina pirikapirika zake. Nguo za watoto hutandazwa barabarani mpaka usiku wa manane, tambi na unga wa ngano hupanda bei bila ya mtu kueleza kwa nini, na mafundi wa cherahani hawapokei tena simu. Katikati ya vurumai hilo utawasikia watu wakiulizana kwa haraka, mmoja hata baskeli hajashuka: "Umeshatoa fitri?" Wanakusudia zaka ya chakula inayotolewa mwishoni mwa Ramadhani. Jibu ninalolisikia zaidi ni hili: "Bado, usiku wa kuamkia sikukuu, inshaallah."

Kisharia jibu hilo halina kasoro, lakini mimi linanikera, na mwaka huu nimeona bora niandike kwa nini.

Zakatul fitri ilifaradhishwa mwaka wa 2 wa Hijra, mwaka ule ule tuliofaradhishiwa saumu ya Ramadhani. Sahaba Ibn Umar ameeleza, na Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, wameipokea, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwajibisha pishi ya tende au pishi ya shayiri kwa kila Muislamu, mtumwa na muungwana, mwanamume na mwanamke, mdogo na mkubwa, na akaamrisha itolewe kabla watu hawajatoka kwenda kuswali Idi. Ibn Abbas naye akaeleza faida zake, nazo ni mbili: inamsafisha aliyefunga na upuuzi na maneno machafu yaliyomponyoka ndani ya saumu, na ni chakula cha masikini. Akaongeza kuwa atakayeitoa kabla ya swala, hiyo ni zaka iliyokubaliwa. Atakayeitoa baada ya swala, hiyo ni sadaka kama sadaka nyengine.

Faida ya kwanza tumeishika barabara, maana inatuhusu wenyewe. Nani asiyejua kwamba saumu yake ina matobo? Umesengenya foleni ya maji, umemtukana dereva wa daladala kimoyomoyo, umeshinda kwenye simu mpaka Magharibi. Fitri inaziba. Hii ya pili, ya chakula cha masikini, tunaitaja kwenye mawaidha, halafu tunaiachia ijiendee yenyewe. Tunatoa ili tuwe tumetoa. Mchele umefika wapi, umefika saa ngapi, aliyeupokea ameupika au hakuupika, hayo si yetu.

Ndiyo yetu, na khasa sisi wanawake.

Zaka ya mali ina nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali, na ina mwaka wake. Mwenye ng'ombe wawili na shamba la muhogo haimgusi. Fitri haina mambo hayo. Kwa madhehebu ya Kishafi tuliyosomeshwa vyuoni, ukiwa na chakula cha kukutosha wewe na unaowalisha kwa usiku wa Idi na mchana wake, na kikabaki cha juu, basi umeshaingia. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa ni mtoaji na ni mpokeaji siku hiyo hiyo, na wala hapana ajabu.

Kuna jirani yetu mmoja, bi mkubwa wa makamo ya bibi yangu, mjane, anasuka ukili na kuuza kwa mafundo. Kila Ramadhani ikielekea ukingoni watu humpelekea fitri, na mama yangu hunituma mimi. Mwaka mmoja nilimkuta kakaa barazani na kanda limejaa mchele wa nyumba mbalimbali, mapembe umechanganyika na wa Mbeya, na pembeni ana kopo lake la bati la kibaba. Anapima. Anachota, anapitisha kiganja juu ya kopo kuufuta, anatia kwenye kipolo kidogo. Kimoja, viwili. Cha tatu akakiangalia, akaongeza kwa vidole mpaka kikawa cha tele, halafu akavirudia na vile vya mwanzo navyo akavijaza tele. Nikamwambia, "Bibi, wewe unapima wa nini? Si umeletewa wewe?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakwenda haja.

"Nami nimefunga, mwanangu. Au saumu yangu mimi haitaki kusafishwa?"

Kipolo kile kilikuwa kinakwenda kwa mwanamke mwengine, nyumba ya tatu kutoka yake, mwenye watoto wadogo. Na siku ya Idi wale watoto walipita kwa yule bibi kuamkia, wakapewa na mkono wa sikukuu, sarafu sarafu. Mimi sijaona msaada wowote wa serikali wala wa shirika unaoweza kumfanya fukara ajione mtoaji namna ile. Hapokei akainamisha kichwa. Anapokea kama watu wote, na anatoa kama watu wote, pishi ile ile anayoitoa mwenye duka la jumla.

Pishi yenyewe ni vibaba vinne, na kibaba, kwa asili yake, ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kiasi vilivyokutanishwa. Siku hizi misikiti mingi inatangaza kilo mbili na nusu, na wengine wanasema zifike tatu kwa kujihadhari, kwa sababu pishi ni kipimo cha ujazo na si cha uzito, na nafaka hazilingani. Ugomvi wa kipimo si wa leo. Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, alikuwa akishika pishi ya Iraq ya ratili nane. Alipofika Madina akahojiana na Imamu Malik, wakaletewa pishi walizorithi wajukuu wa Masahaba kutoka kwa baba zao, akazipima moja moja akazikuta zote ni ratili tano na thuluthi. Akaiacha kauli ya mwalimu wake. Napenda kisa hiki kwa sababu hoja ilimalizwa na vyombo vya majumbani, makopo ya watu yaliyotunzwa. Nani leo anatunza kopo la bibi yake? Tuna mizani za dukani, na mizani za dukani tunazijua.

Turudi kwenye saa. Fitri inawajibika kwa kuzama jua la siku ya mwisho ya Ramadhani. Mtoto aliyezaliwa kabla ya jua kuzama anatolewa, aliyezaliwa baada yake hatolewi. (Niliwahi kuwashuhudia ami zangu wawili wakibishana juu ya mtoto aliyezaliwa na Magharibi yenyewe, kila mmoja na saa yake mkononi. Bibi yake mtoto akapima pishi akaondoka nayo, akawaacha wanabishana.) Ubora wake ni kutolewa kabla ya swala ya Idi. Kuichelewesha baada ya swala ni makuruhu, yaani inachukiza bila ya kuwa haramu, na kuivusha siku ya Idi bila ya udhuru ni haramu, na inabaki deni shingoni. Lakini mlango wa kuitanguliza uko wazi: Kishafi unaweza kuitoa tangu siku ya kwanza ya Ramadhani, na katika Bukhari imekuja kuwa Masahaba walikuwa wakiitoa kabla ya Idi kwa siku moja au mbili.

Na kila mtoto aliyepita chuoni anakijua kile kisa cha Abu Huraira, ila tunakisimulia kwa ajili ya Ayatul Kursiyyu tu. Mtume (S.A.W.) alimpa kazi ya kulinda zaka ya Ramadhani. Ilikuwa ni chakula, kimekusanywa, kipo pale usiku baada ya usiku. Akaja mtu akawa anachota kwa viganja. Abu Huraira akamkamata, mtu akalalamika kuwa ni muhitaji na ana watoto, akamwachia. Usiku wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ndipo akafundishwa Ayatul Kursiyyu, na asubuhi Mtume akamwambia kuwa yule ni shetani, kamwambia kweli naye ni muongo. Mimi ninachokiona humo ni kwamba chakula kile kilikuwa kimeshatolewa mapema, kiasi cha mwizi kukirudia usiku tatu. Hawakungoja mpaka mwezi uandame.

Sisi tunangoja. Mwezi unatangazwa usiku, pengine saa tatu, pengine saa nne, ndipo mwanamume anakumbuka kuwa ana watu saba nyumbani hajawatolea. Anakwenda dukani, kuna msongamano wa watu, anachukua kilo kumi na saba na nusu, anatafuta wa kumpa. Nani yuko macho? Anampa yule anayemjua, yaani yule yule anayepewa na kila mtu. Na hata akimpata mwengine, mchele wa saa tano usiku ni wa nini? Nazi haijakunwa, kuni hakuna, kitoweo soko limefungwa. Asubuhi watoto wa nyumba ile wataamka wasikie pilau ya jirani, na wao mchele wao umo ndani ya kipolo.

Zingatia na msimu wenyewe. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo fitri hupita kwenye kila hali ya maisha ya Pemba. Zilikuwepo Idi zilizoangukia wakati wa karafuu, kila mtu ana chochote, hata mchumaji na mwokota mpeta. Idi ya 2025 ilikuwa mwisho wa Machi, mvua za masika zinabisha hodi, mpunga uko bondeni haujavunwa, karafuu bado. Wa ghala umeshaliwa. Miaka michache hii fitri inamkuta mtu wa kijijini kwenye uchache wake khasa, na ndiyo maana kucheleweshwa kwake kuna uzito kuliko tulivyozoea.

Mwaka huo huo Saudia waliswali tarehe 30 Machi, na hapa Idi ya kitaifa ikawa tarehe 31. Kwa hivyo waliofuata mwezi ulioonekana kokote duniani walikula sikukuu wakati jirani zao wamefunga. Sitaki kuingia kwenye hilo, nina ndugu pande zote mbili na napenda kualikwa kote. Nasema tu kuwa mwenye kungoja usiku wa mwisho, kwetu hapa, hata usiku wa mwisho wenyewe haujui ni upi.

Sasa nani wa kupewa? Hapa ndipo ninapogombana na wanaume wa kamati za misikiti, kwa heshima zao zote, na mmoja wao ni kaka yangu. Kamati ina orodha. Orodha hiyo iliandikwa miaka iliyopita, na majina yake ni yale yale: wajane wanaojulikana, kipofu wa karibu na msikiti, familia fulani ya pale kisimani. Wote ni haki yao. Lakini umasikini haukai mahali pamoja ukangojea kuandikwa. Mwenye chombo kimezama mwaka huu hayumo. Mwanamke ambaye mume kenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, na miezi inapita hajatuma kitu, hayumo, kwa sababu ana mume. Mwenye nyumba ya bati na dishi juu yake hayumo kabisa, na nani atathubutu kumwandika?

Wanawake wanajua. Hatujui kwa uchunguzi, tunajua kwa bakuli. Ramadhani yote nyumba zinapelekeana futari: wewe unapeleka ndizi mbivu za nazi, unarejeshewa bakuli lina majimbi au viazi vikuu, kesho tambi, keshokutwa uji wa pilipili manga. Bakuli halirudi tupu, ni aibu. Basi iko nyumba ambayo kumi la kwanza bakuli limerudi na muhogo. Kumi la pili limerudi na ndimu mbili, limeoshwa vizuri. Ukifika mfungo ishirini na kitu linarudi na majani ya mchaichai, na mtoto aliyelileta anasema, "Mama anasema ahsanteni sana," halafu anasimama kidogo mlangoni kuliko inavyohitajika. Hapo hakuna haja ya sheha, wala fomu, wala kamati. Mama yangu akiona mchaichai hasemi neno. Usiku ule ule kipolo kinatoka, kimebebwa ndani ya buibui, kinaingia kwa mlango wa uani.

Fitri ilivyowekwa inalazimisha ujuzi wa namna hii. Imefanywa chakula, na chakula hakipelekwi mbali. Imefanywa ndogo, kwa hiyo haiwezi kuwa mradi wa tajiri mmoja, lazima kila nyumba ihangaike na yake. Imewekewa saa, ili usiitoe siku utakayojisikia. Na imewekwa mwisho wa mwezi ambao watu wameshinda wakitazamana majikoni. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ina kazi yake kubwa kwenye zaka za mali, na Mungu awazidishie. Fitri mimi naiona ni ya mtaa. Kamati ikitaka kuikusanya msikitini sina ugomvi, mradi kabla ya kugawa wapite wakaulize uani.

Na usimsahau wa damu yako. Shangazi masikini, kaka asiye na kazi, hao wanafaa kupewa, maana huwajibiki kuwalisha. Imepokewa kuwa sadaka kwa masikini ni moja, na kwa ndugu ni mbili: sadaka na kuunga udugu. Anayewajibika kwako, kama mke na watoto wadogo, huyo humpi, unamtolea. Mtoto mkubwa anayejitegemea naye ana hukumu yake: baba hawezi kumtolea bila ya ruhusa yake, kwa kuwa ni ibada na ina nia. Kwa hiyo ule ujumbe wa sauti wa kila mwaka kutoka Dar es Salaam, "Baba, nitolee na mimi, nishatuma," una kazi ya kifikihi zaidi ya anavyodhani aliyeutuma. Ila Kishafi fitri inafuata kiwiliwili: jua limekuzamia Temeke, wa kwanza ni masikini wa Temeke. Wapo wanazuoni waliojuzisha kuihamisha kukiwa na haja au jamaa. Walioko Muscat wanajua ninachokisema, na sheikh wao wamuulize wenyewe.

Limebaki la fedha, nalo kila mwaka linarudi. Wahanafi wamejuzisha thamani, na Khalifa Umar bin Abdulaziz amepokewa kuwa aliandika ikubaliwe nusu dirhamu kwa kila mtu. Shafi, Malik na Ahmad wameshikilia chakula. Hata zama za Masahaba lilikuwepo la mfano huo: Muawiya alipokuja Madina alisema anaona vibaba viwili vya ngano ya Sham ni sawa na pishi ya tende, watu wakalichukua, Abu Said Al-Khudri akasema yeye ataendelea kutoa kama alivyokuwa akitoa.

Wanaotaka fedha hapa mjini wana hoja moja nzito, na nimeiona kwa macho. Mchele unatoka dukani asubuhi kwa bei ya kuuzia, mchana unarudi duka lile lile kwa bei ya chini, jioni unauzwa tena kwa mtu mwengine anayetafuta fitri. Tuseme kilo ni shilingi 2,000: mtoaji katoa 35,000 kwa watu saba, mpokeaji kaishia na 24,000 au 25,000, na aliyebaki na tofauti ni mwenye duka, ambaye si katika wanaostahiki. Wanasema si bora angepewa fedha tangu mwanzo?

Lakini nani anayerudisha mchele dukani? Ni yule aliyeletewa vipolo kumi na tano. Na ana haki, ukishampa ni mali yake, auze, ale, atoe. Yule wa mchaichai harudishi hata punje. Mchele unarudi dukani kwa sababu sote tumempelekea mtu mmoja usiku mmoja, na hilo fedha haitalitibu. Itampelekea yule yule kwa simu.

Mume wangu haafiki. Anasema mtu mzima anajua haja yake kuliko mimi, na pengine haja yake ni dawa au ada ya mtoto. Tumelibishana sana hili, tena baada ya tarawehe, wakati watu wengine wanakula mabwimbwi. Mwisho tumewafikiana hivi: mchele unatoka mfungo ishirini na tano, kwa pishi, vibaba vya tele, kwa nyumba tutakazozitaja mimi na mama. Yeye usiku wa kuamkia Idi anapita nyumba zile zile na fedha ya kitoweo na nazi, kutoka mfukoni mwake, wala haihesabiwi ndani ya fitri. Mwaka jana alirudi saa sita usiku akiuliza kwa nini nyumba moja hatukuiweka. Nikamwambia mwakani, inshaallah, na jina nikaliandika hapo hapo.